Kilemba cha Mama Héritière

CLÉMENTINE: Alo? Alo! Nani anaita?

TWALIB: Mimi hapa, Mama Sagesse. Twalib wa duka la nywele, Fordsburg. Habari za siku nyingi?

CLÉMENTINE: [anaangalia namba kwenye simu]

TWALIB: Haloo? Unanisikia? Mtandao wa huko Yeoville nao—

CLÉMENTINE: Mtandao uko muzima. Ni mimi naangalia hii namba, nasema, eish, huyu mtu ana roho ya kunipigia!

TWALIB: Tusianze hivyo, dada yangu. Salamu kwanza.

CLÉMENTINE: Salamu? Wiki tatu zilizopita mama yangu mzazi alikuja dukani kwako na salamu. Ulimuitikia nini?

TWALIB: Ndiyo yaliyonifanya nipige. Desemba hii, Clémentine! Watu wote wanasuka, na mimi sijauza hata pakiti moja ya rasta kwa saluni za kwenu. Mizigo imenijaa mpaka darini. Wakongo hawaji, Warundi hawaji. Mmenifanyia mgomo?

CLÉMENTINE: Sasa ndiyo umejua?

TWALIB: Nani kawafundisha? Kuna mwanasiasa nyuma yenu?

CLÉMENTINE: [anacheka] Mwanasiasa! Ni binti yangu Sagesse. Alikuwa na mtihani wa historia, matric, ule wa kumaliza shule. Jioni ile mama amerudi kutoka kwako, amekaa pembeni ya saluni. Sagesse anasoma kwa sauti, mambo ya Amerika, miaka ya hamsini. Weusi wa kule walipanda basi, unalipa mbele kwa dereva, unashuka, unazunguka, unaingia mlango wa nyuma. Mpaka wakagoma, wakaacha kupanda.

TWALIB: Sasa hayo na mimi—

CLÉMENTINE: Ngoja! Mama akasema, rudia, kwa Kiswahili. Mtoto akarudia na Kiswahili chake kile cha kuvunjika. Mama akacheka, Twalib. Siku yote hajafungua mdomo, akacheka. Akasema, "Kumbe na hawa walinunua nywele kwa Twalib."

TWALIB: Astaghfirullah! Mnanifananisha na wazungu wale?

CLÉMENTINE: Sisi Wakongo tunalipa dirisha la mbele. Tunazunguka kichochoroni, tunapewa mzigo mlango wa nyuma, mifuko inapekuliwa. Wenzako wa Tanga wanaingia ndani, wanapewa chai. Tofauti iko wapi? Nionyeshe.

TWALIB: Pakiti zilikuwa zinapotea, dada.

CLÉMENTINE: Na kwenye kilemba cha mama yangu ulikuta pakiti ngapi?

TWALIB: Haloo? Simu inakwaruza—

CLÉMENTINE: Haikwaruzi. Ngapi?

TWALIB: ...Hamna.

CLÉMENTINE: Ulikuta nini?

TWALIB: Jamani, Clémentine.

CLÉMENTINE: Sema!

TWALIB: Vitambaa. Vitambaa, na... kichwa hakina nywele.

CLÉMENTINE: Dawa za hospitali zimezimaliza. Mwanamke amesuka nusu ya Yeoville, kichwa wazi mbele ya wateja wako! Na vile vitambaa, unajua nani alivijaza? Ni mimi. Kila asubuhi namkunjia, kilemba kisimame vizuri, mtu asimuulize kitu. Weye ukaona kimevimba, ukasema huyu ni mwizi.

TWALIB: Wallahi sikumgusa.

CLÉMENTINE: Hukumgusa, ndiyo. Ulisema tu, "Vua, bibi." Akavua kwa mikono yake mwenyewe.

TWALIB: Nimekosa. Narudia, nimekosa. Mlango wa nyuma nimeufunga tangu Jumatatu. Sasa foleni moja, kila mtu anaingia mbele. Waulize watu.

CLÉMENTINE: Tangu Jumatatu! Ni huruma, au ni mizigo iko darini?

TWALIB: Vyote viwili, nikudanganye nini? Mwenye jengo amenipa mpaka mwisho wa mwezi. Nikishindwa, miaka kumi na minne yote inakwenda na maji.

CLÉMENTINE: Iende.

TWALIB: Kha! Mtu na utu wake anasema "iende"?

CLÉMENTINE: Tunanunua Troyeville sasa. Ni ghali, donc taksi tumeacha, tunakwenda kwa miguu, tunabeba mifuko kichwani. Miguu inauma. Lakini tukipita pale robot, kwenye taa za barabarani, tunataja jina lako na tunacheka. Maumivu yanaisha.

TWALIB: Basi mpe mama simu.

CLÉMENTINE: Hapana.

TWALIB: Mpe, nakuomba. Nyie vijana mna hasira, mtu mzima ana huruma. Akisema yamekwisha, hata wewe huna la kupinga.

CLÉMENTINE: Kweli. Akisema yeye, mimi nafunga mdomo. Lakini mimi ningekuwa weye, nisingeomba.

TWALIB: Mpe, salio langu linakwisha!

CLÉMENTINE: [kwa mbali] Mama! Ni Twalib wa Fordsburg... Eh, yeye mwenyewe... Anataka kusema na wewe. Haya, shika.

MAMA HÉRITIÈRE: Alo.

TWALIB: Shikamoo, mama.

MAMA HÉRITIÈRE: Jambo, mwanangu. Bibi yako wa nyumbani muzima? Watoto?

TWALIB: Wazima, mama, alhamdulillahi. Mama, nakuangukia miguuni. Jumamosi nitakuja mwenyewe, nivue kofia mbele ya wasusi wote—

MAMA HÉRITIÈRE: Usijisumbue. Ni mbali.

TWALIB: Ina maana umenisamehe?

MAMA HÉRITIÈRE: Kusamehe nimemwachia Mungu, yeye ana wakati. Sikia. Nilimuuliza mjukuu, wale watu wa Amerika waliacha basi siku ngapi? Akasema mwaka mzima, na zaidi. Mvua, jua, wamama wenye umri wangu, wanatembea tu. Mabasi yanapita matupu. Mpaka mahakama ikasema, imetosha.

TWALIB: Lakini mlango wa mbele nimeshawafungulia wote, mama! Hata mahakama haikusubiriwa!

MAMA HÉRITIÈRE: Vizuri. Wengine wataingia. Wasusi wangu hapana. Mwenye jengo amekupa mpaka lini?

TWALIB: Mwisho wa mwezi huu.

MAMA HÉRITIÈRE: Mimi daktari amenipa mpaka Pasaka.

TWALIB: Mama, usiseme—

MAMA HÉRITIÈRE: Basi nakupita, mwanangu. Dawa zote nitameza, nilione hilo duka lako likifungwa. Chukua simu yako, Clémentine.

TWALIB: Mama? Haloo? Mama, subiri—

CLÉMENTINE: Ni mimi. Amekwisha kurudi kukaa.

TWALIB: Mwambie... Ee Mola wangu. Nimwambie nini sasa?

CLÉMENTINE: Usimwambie kitu. Anaomba uji. Unasikia pale nyuma? Tangu siku ile ya kwako alikuwa hagusi chakula, namlisha kwa kijiko anatema. Sasa anaomba uji, na sukari!

TWALIB: Clémentine, dakika imebaki moja, tafadhali, dada—

CLÉMENTINE: Sharp, Twalib, kwaheri. Nunua salio, upige tena kesho. Akikusikia, anakula.