Simu ya Fundi Saa

Kijiwe chetu kimeegemea ukuta wa bweni la mbwa. Kabla hujacheka, ndiyo, bweni la mbwa lipo: watu wakisafiri au wakilazwa hospitali, mbwa wao huachwa humo mpaka wenyewe warudi. Linaendeshwa na familia moja. Mama Bweni anapika na kugawa chakula, mumewe anaosha vibanda, na wifi yake anawaogesha mbwa, anawachana manyoya na kuwatoa kupe. Sisi wa nje ya ukuta hatuhitaji kuuliza saa. Ukisikia ufagio na maji yakimwagwa sakafuni, ukanusa dawa ya kuoshea, ni asubuhi. Kukiwa kimya, ni mchana, mbwa wamelala. Jioni mabakuli yanagongana na ukuta mzima unabweka. Mimi ni fundi rangi, na mbwa siwapendi, niseme mapema. Nafuata kahawa na maneno ya wenzangu, ambayo siku nyingi hayana maana yoyote.

Fundi Saa alikuwa mwenzetu hapa benchini. Mkewe alishatangulia, binti yake wa pekee anafanya kazi mbali, akabaki na mbwa mmoja wa rangi ya majani makavu aliyempa jina Dakika. Alipolazwa alimleta bwenini mwenyewe, akishikilia ukuta kwa mkono mmoja. Tangu hapo alipiga simu kila jioni kabla ya chakula. Wenye mbwa wengine wakipiga huuliza tu, hajambo? Kisha wanakata. Fundi Saa alitaka kuongea na mbwa wake, na Mama Bweni ana sheria yake kwamba mbwa aliyezoea kusikia sauti fulani kabla ya kula asinyimwe sauti hiyo. Basi anaisogeza simu kwenye wavu wa kibanda, anafungulia sauti yote, na hata sisi wa nje tunasikia.

— Dakika. Umeshinda vipi, baba? Haya, kula. Usiniangushe.

Dakika anakula. Na sisi huku tunajua mwenzetu bado yupo, kwa hiyo hatukuwa na haja ya kuulizana habari za hospitali.

Kisha Fundi Saa akafariki. Tukamzika. Binti yake alikuja mazikoni, akarudi kazini kuomba ruhusa, akaahidi kuja kumchukua mbwa mara tu akiipata. Simu ya jioni haikupigwa tena, na Dakika akaacha kula.

Jioni ninayotaka kuisimulia, Mama Bweni alitoka langoni na bakuli limejaa, akaketi nasi. Huyu mama huwa haketi.

— Amekula? akauliza Wakili.

— Hajagusa, shemeji.

Wakili ni mshona viatu. Tunamwita hivyo kwa sababu hajawahi kushindwa kesi, na hajawahi kuwa nayo. Pembeni yake alikaa Daktari, anayeuza chakula cha kuku. Wa tatu ni Redio, fundi wa matairi, ambaye anaweza kuiga sauti ya mtu yeyote aliyewahi kupita mtaani kwetu. Aliwahi kumwiga hata Fundi Saa mbele yake mwenyewe, na Fundi akacheka mpaka akapaliwa na kahawa.

Mama Bweni akatueleza. Daktari wa mifugo, yule wa kweli, alikuja akamtazama Dakika fizi, akampapasa tumbo, akampima joto, hakuona ugonjwa. Alisema akiendelea hivi atawekewa maji ya mshipa, na hata hayo hayamwokoi mnyama aliyekata tamaa. Wifi yake alimlisha kwa kiganja, mbwa akageuza uso. Mumewe alihamia kulala karibu na kibanda, haikusaidia.

— Fundi alinikabidhi huyu mbwa mkononi, akasema Mama Bweni. Binti yake ameshamzika baba. Akija hapa nimpe nini? Kamba tupu?

Hapo ndipo wenzangu walipoanza. Kijiweni kwetu mtu akileta uchungu, tunampa ushauri, maana hatuna kingine.

— Haba na haba hujaza kibaba, akasema Daktari. Mshikeni, mfungueni mdomo, kijiko kimoja kimoja.

— Tulijaribu. Anatapika.

— Basi mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, akasema tena Daktari. Mpeni kazi huyo. Alinde lango. Kiumbe akiwa kazini anasikia njaa.

— Wewe tangu asubuhi uko hapa na umekunywa vikombe vingapi? nikamuuliza.

Wakili akainua kidole. Kidole cha Wakili kikiinuka, kahawa hupoa.

— Tatizo hapa ni taarifa. Mtu akifiwa anaitwa, anakalishwa, anaambiwa. Huyu mbwa nani amemkalisha? Nani amemwambia? Mnamlaumu kwamba hali chakula, na hajaarifiwa.

— Sasa aarifiweje?

— Apelekwe kaburini. Mwenye macho haambiwi tazama.

— Atafukua, nikasema.

Wakalifikiria hilo kwa muda. Hata Mama Bweni alilifikiria, na nikajuta kulisema.

Daktari akaegemea ukuta, akasema hapana, sisi wote tumepotea njia. Dakika hana msiba wowote. Miezi yote hii Fundi yuko hospitali, mbwa hakumwona wala hakumnusa, alimsikia tu kwenye simu. Kwa hesabu ya mbwa, bwana wake alihamia ndani ya simu.

— Na mtu anayeishi ndani ya simu hafi, akasema. Anakatika tu. Dakika anangoja mtandao urudi.

Nilitaka kumcheka. Sikuweza. Katika miaka yote niliyomsikiliza Daktari, lile ndilo neno lake la kwanza lililofika mahali. Nikaona Mama Bweni ameinua uso, na anamtazama Redio. Wakili naye akamtazama. Mimi pia.

— Msinitazame, akasema Redio.

Tukaendelea kumtazama.

— Mimi naiga walio hai. Aliye hai akichukia, atanikataza.

Wakili alisema hilo ni kweli, na kwamba ukilitazama kwa undani jambo lenyewe ni kughushi, tena kughushi mtu ambaye hawezi kuja kukana. Daktari akasema hata likifanyika halitafaa, mbwa ni pua, atajua. Mama Bweni akamjibu kwamba simu haina harufu, na miezi yote hiyo Dakika amekula bila harufu ya mtu. Kisha akamgeukia Redio. Hakuongeza sauti.

— Shemeji, sikuombi umwige Fundi. Namwombea mbwa wake chakula.

Redio aliutazama mkono wake mweusi kwa grisi. Mwishowe akatoa simu mfukoni, akainuka, akaenda kona ya ukuta, mbali, ili mbwa asisikie sauti kutoka pande mbili. Mama Bweni akachukua bakuli lake akaingia ndani. Tukasikia simu ya bweni ikiita. Ikapokewa.

— Dakika. Umeshinda vipi, baba? Haya, kula. Usiniangushe.

Daktari akavua kofia. Sauti ilikuwa yenyewe, na ule mkwaruzo wa kifua aliokuwa nao Fundi mwishoni ulikuwemo. Kwa muda hakukuwa na lolote. Halafu bakuli likaanza kusogea sakafuni, likikwaruza, kama linavyosogea mbwa akila na hakuna mtu aliyelishika. Ndani, Mama Bweni alikuwa analia. Mimi sikulia mazikoni. Nililia pale, kwa kusikia mbwa ninayesema simpendi akila wali.

Tangu siku ile ikawa ndiyo kazi ya Redio. Jioni ikifika anaacha matairi, ananawa mikono, ingawa simu haina macho, anakwenda kwenye kona yake. Wifi yake Mama Bweni akasema manyoya ya Dakika yameanza kurudi, na sasa anakubali kutolewa matembezini. Ilikuwa habari njema. Lakini kijiwe kilibadilika, na hakuna aliyetaka kukiri. Wakili, ambaye zamani mara nyingi alikuja jioni imeshaisha, akaanza kuwahi. Ikikaribia saa ya simu hakuna anayebishana. Muuza kahawa mwenyewe anaacha kugonganisha vikombe. Tunakaa tunatazama barabara, tunamsikiliza mwenzetu akimuuliza mbwa ameshindaje, na sauti ikikatika tunakohoa na kuanza maneno mengine.

Redio ndiye aliyelipa. Akaacha kumwiga muuza kahawa, akaacha kumwiga Wakili, akaacha kuiga kabisa. Siku moja akatuambia anataka kuacha na hii.

— Sauti ya Fundi imeanza kunizoea, akasema. Juzi mke wangu aliniita, nikamwitikia kwa sauti hiyo. Akaja mbio kutazama nani yuko chumbani.

Daktari akamwambia mtaka cha mvunguni sharti ainame. Redio akamwomba, kwa upole, asiseme methali tena siku hiyo. Mama Bweni akamsihi avumilie mpaka binti aje. Mbwa akishaondoka na binti, mambo yatakuwa yameisha. Wakili akajitolea kuwa yeye ndiye atakayemweleza binti, taratibu, kwa mpangilio, na alikuwa ameshaandaa maneno kichwani. Tukakubaliana hivyo. Kosa letu lilikuwa hapo: tulipanga atakavyoambiwa, hatukupanga kwamba angeweza kufika mwenyewe, bila kupiga simu, jioni, saa ileile.

Alifika kwa miguu, begi begani na kamba mpya ya mbwa mkononi, bado ina karatasi ya dukani. Tulimtambua kutoka mazikoni. Redio alikuwa ameshakwenda kwenye kona. Wakili akasimama haraka, akaongea kwa sauti kubwa isiyo yake.

— Karibu, mwanetu, karibu sana, pole na safari. Kahawa iko wapi? Leteni kahawa hapa. Tusogee kule kwenye duka, huku kuna vumbi.

— Ahsanteni, shikamooni. Nimemfuata Dakika. Hapa ndipo...

Hakumaliza. Ndani ya ukuta simu ilipokewa, ikasogezwa kwenye wavu.

— Dakika. Umeshinda vipi, baba? Haya, kula. Usiniangushe.

Binti alisimama palepale. Kamba ikamponyoka, hakuiokota. Alikuwa anatazama ukuta, kama mtu anayetafuta mlango mahali ambapo hakuna. Bakuli likaanza kukwaruza. Nilitamani ardhi inimeze, na si mimi niliyefanya, ila nilisikiliza kila jioni na nikafurahi, kwa hiyo sikuwa na pa kujificha.

Wakili akaanza.

— Binti yetu, jambo hili, ukiliangalia, yaani kwa upande mmoja...

Akaishiwa. Maneno yote aliyoyaandaa hayakumfikia mdomoni. Ikabidi niseme mimi. Nikamwambia si baba yake. Ni fundi wa matairi anayeitwa Redio, alikuwa rafiki yake. Nikamwambia mbwa aligoma kula tangu simu zilipokatika, alikuwa anakufa, na hatukujua la kufanya. Nikamwambia Redio alikataa, tukamlazimisha, kwa hiyo kama kuna kosa ni letu sote, na Mama Bweni asilaumiwe, hakuwa na nia mbaya.

Binti akaketi. Mama Bweni alikuwa ametoka langoni, akamwona, akashika kichwa. Hakusogea. Sote tulingoja atutukane, na kwa upande wangu ningeshukuru, maana tusi ungelipokea na mambo yakaisha.

— Aliongea hivyohivyo, akasema binti. Hata hilo la usiniangushe. Nilidhani ni langu peke yangu.

Akalishusha begi, akaliweka mapajani.

— Akimaliza na mbwa alikuwa ananipigia mimi. Kila siku. Saa hiyo natoka kazini, nimechoka, naiona simu inaita, nasema nitampigia nikifika. Nikifika nalala.

Mama Bweni akaja akakaa karibu naye, akamshika mkono. Wakati huo Redio alitokea kwenye kona, simu bado mkononi, akamwona, akasimama. Hakuhitaji kuambiwa ni nani. Sura ya Fundi ilikuwa yote usoni mwa yule binti. Akafungua mdomo aombe radhi, lakini binti alimtangulia, kwa sauti ndogo, kama anayeuliza njia.

— Akishamaliza na mbwa, anaweza kunipigia na mimi?

Tukatazamana. Wakili aliinamisha kichwa. Daktari, ambaye ana methali ya kila kitu, alikuwa anazungusha kofia yake mikononi. Mama Bweni akamtazama Redio kama alivyomtazama jioni ile ya kwanza, kisha akaacha, akageuza uso. Redio alifungua mdomo tena, na mimi niliogopa, kwa sababu sikujua itatoka sauti ya nani. Akaufunga. Binti akabaki anamtazama, simu yake mwenyewe ameshaitoa begini, ameishika kwa mikono miwili.