Kijitabu cha Bi Pichi

Nje ya maktaba ya mtaa, upande wa magharibi wa Birmingham, kuna benchi la chuma lililowekwa kwa ajili ya wanaosubiri basi. Basi lilibadilishiwa njia siku nyingi, benchi likabaki na wenyewe. Wenyewe ni watatu. Bi Verlene, msusi mstaafu, huja na chupa ya kahawa na vikombe vya bati, na hamruhusu mtu mwingine kumimina. Kilo alikuwa dereva wa lori, mwembamba kama ufito, na jina hilo alipewa na watu wasio na huruma. Shemasi hajawahi kuwa shemasi wa kanisa lolote. Alivaa suti nyeusi siku ya kupigwa picha shuleni, basi ikawa. Asubuhi hiyo ya Februari Shemasi alikuwa na fomu ya maktaba juu ya goti, na nafasi ya kwanza kabisa ilikuwa tupu. Kila mwaka, mwezi wa historia ya watu weusi, maktaba hutundika Ukuta wa Majirani: picha za watu wa mtaa, na chini ya kila picha jina kamili, mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kufa. Yeye alipeleka picha ya Bi Pichi, aliyekuwa mpishi wa shule yao ya msingi. Picha ilipokelewa kwa mikono miwili. Jina ndilo lililokosekana. Shule ilibomolewa na majalada yake hayajulikani yalikokwenda, marehemu hakuacha mtoto, na Bi Fontaine, mkutubi, amepekua magazeti ya zamani asione mpishi aitwaye Pichi. Saa sita mchana orodha inakwenda kwa mpiga chapa. Asiye na jina ataandikwa "Mpishi, hajulikani." Ilikuwa saa nne na nusu.

— Hajulikani! alisema Kilo. Mtu kalisha shule nzima miaka thelathini na moja, eti hajulikani. Wasiojulikana ni sisi hapa.

— Jisemee mwenyewe, alijibu Bi Verlene huku akimimina. Mimi nusu ya vichwa vya mji huu vinanijua.

— Vilivyobaki na nywele.

— Kunywa kahawa yako, Kilo, kabla sijabadili mawazo.

Shemasi aliigonga fomu kwa kidole.

— Jamani. Saa sita.

— Sasa tunahangaika nini? alisema Bi Verlene. Kijitabu cha mazishi kitasema. Hakuna nyumba mtaa huu isiyo na droo yake ya vijitabu. Picha mbele, jina kamili chini yake, kazaliwa lini, kaacha nani. Toeni cha Bi Pichi tumalize.

— Kitoe wewe.

— Mimi? Si unacho wewe?

— Nilikuwa nacho, alisema Kilo. Panya.

— Panya gani anakula kijitabu cha mazishi?

— Panya wa mtaa huu wamesoma, mama.

Wote wawili wakamgeukia Shemasi.

— Nimetafuta kwenye Biblia ya mama na kwenye droo ya jikoni, alisema. Viko arobaini na tatu. Chake hakimo. Na kanisani kwao nimepiga simu wiki nzima, inalia tu.

Alisema kweli, ila hakusema yote. Bi Pichi alikufa ile wiki ya barafu, miaka kumi na moja iliyopita, akazikwa kwao shamba, upande wa Perry, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari. Shemasi hakwenda. Desturi ya mtaa ni kwamba asiyeweza kwenda mazikoni humwomba anayekwenda amletee kijitabu, na akishakitia kwenye droo yake anahesabiwa kama aliyekuwepo. Shemasi aliomba. Hakuletewa. Na kwenda kumwuliza mtu "kijitabu changu kiko wapi" ni kutangaza kwamba hukuwepo, kwa hiyo hakuuliza. Mwaka wa kwanza ulipita, wa pili ukapita, ikawa aibu imezeeka naye.

— Aliitwa Georgia, alisema Bi Verlene. Matunda ya pichi yanatoka Georgia. Hilo halihitaji kijitabu.

— Kwa hiyo mimi natoka kwenye mizani?

— Wewe hata mizani haikujui.

— Nisikilizeni mimi, alisema Kilo, akavuta miguu yake mirefu chini ya benchi. Bi Pichi hakuwa na jina. Mahakama ya kwao iliungua alipokuwa mtoto. Vyeti vyote majivu. Watu wa kule wakaambiwa waanze upya, kila mmoja ajichagulie. Wengine wakachelewa kuchagua.

— Mtu achelewe kuchagua jina lake miaka tisini?

— Umeshamwona binamu yangu akichagua viatu?

— Jina alikuwa nalo, alisema Bi Verlene, akashusha sauti kama aliyekuwa amelitunza jambo hilo kwa siku hii. Aliliacha njiani. Alimzaba kofi mke wa mwenye shamba, akapanda treni siku ileile na jina lingine.

— Kofi la nini?

— Alimwambia mkate wake haukuumuka.

Mikate ya Bi Pichi waliijua. Ilikuwa inatoka jikoni saa tano, mwalimu yuko katikati ya hesabu, na hesabu zinaishia hapohapo.

— Basi lilikuwa kofi la haki, alisema Kilo. Lakini umeshataja treni, sasa ngoja nikwambie. Alipika ndani ya treni, yule mama. Rais mmoja, simtaji, aliuonja ule mkate akaamuru treni isimame maili tatu kabla ya stesheni ili amalize kula. Maofisa wakaandika jina la mpishi kwenye jalada, jalada likafungwa kwa lakiri. Ndiyo maana kompyuta ya Bi Fontaine haioni kitu. Serikali imemficha.

— Serikali ifiche mikate?

— Ile mikate, dada? Ningeificha mimi mwenyewe.

Bi Verlene alicheka mpaka akaushika mfuniko wa chupa usianguke. Shemasi hakucheka. Alikuwa anaitazama ile nafasi tupu kwenye fomu.

— Na wewe mbona umelivalia njuga hivyo? Bi Verlene alimwuliza, safari hii kwa upole. Sote tulimpenda. Lakini wewe hata kahawa hujaigusa.

Shemasi hakuwa amelisimulia jambo hilo kwa mtu, hata kwa marehemu mke wake.

— Nilikuwa darasa la tatu. Mama amelazwa, nyumbani hakuna wa kupika. Nilikuwa nakaa nyuma ya foleni najifanya sina njaa. Siku moja akaniita mbele ya watoto wote. "Wewe kijana, ulimi wangu leo umekufa, njoo jikoni unionjee chumvi." Nikaenda, nikaonja sahani nzima. Kesho kutwa yake, vilevile. Mwaka mzima ulimi wake umekufa. Watoto wenzangu waliniona mtu mkubwa, mwonjaji wa shule. Hakuna aliyejua.

Kilo aliweka kikombe chini.

— Siku zipi?

— Siku zipi nini?

— Ulikuwa unaonja siku zipi?

— Jumatatu, Jumatano na Ijumaa.

— Mimi Jumanne na Alhamisi, alisema Kilo.

Walitazamana. Walikuwa wamekaa dawati moja mwaka ule, na benchi moja miaka mingi baadaye.

— Alikwambia nini? aliuliza Shemasi.

— Ulimi umekufa.

— Mchawi yule.

— Sasa Jumanne wewe ulikuwa unakula nini?

— Nilikuwa nakuta mkate kwenye mfuko wa koti, pale kwenye kigingi. Umefungwa kitambaa. Nilidhani ni malaika.

— Malaika! alisema Kilo, akatafuta leso.

Bi Verlene aliwamiminia wote wawili bila kuombwa, kisha akageuka kulitazama lango la maktaba, akalitazama kwa bidii sana, mpaka alipowasikia wamemaliza kupenga kamasi.

— Ndiyo maana mazishi yake yalifurika, alisema, ili kuwarudisha.

— Yalifurika mpaka nje, alisema Kilo. Watu wamesimama kwenye barafu kwa viatu vya kanisani.

— Na yule dada aliyeimba! Hata mchungaji alilia.

— Na kuku wa baada ya maziko. Mabakuli yalirudi matupu.

Shemasi aliitikia kwa kichwa, kama alivyoitikia miaka yote kumi na moja kila waliposimulia. Mwonjaji wa siku tatu, aliwaza, na katika watatu hawa ndiye peke yake aliyebaki nyumbani.

Mlango wa maktaba ulifunguka, watoto wakatoka kwenye saa ya hadithi, kila mmoja na kofia ya karatasi aliyoikata mwenyewe. Nyuma yao alitoka mama kijana na mtoto kiunoni. Aliitwa Keondra, alihamia mtaani wakati wa Krismasi na bado alikuwa anasalimia kila mtu. Mtoto alikuwa amevua kiatu.

— Kaa hapa, mwanangu, alisema Bi Verlene akijisogeza. Mvalishe na soksi vizuri, upepo huu si wa kuaminika.

— Asante, bibi.

Alikaa pembeni, akamvalisha mtoto polepole. Wenyewe waliendelea na mazungumzo yao juu ya kichwa chake: kijitabu, kijitabu, nani anacho, nani alikipoteza. Kilo alishamweleza Keondra habari nzima, pamoja na treni. Kiatu kilipofungwa, Keondra akauliza.

— Samahanini, wazee wangu. Hivyo vijitabu, siku ya mazishi, vinagawiwa wapi?

— Mlangoni, alisema Bi Verlene. Kila anayeingia anapewa chake mkononi.

— Basi kati yenu nani aliingia?

Gari lilipita. Lingine likapita. Kilo alimtazama Bi Verlene, Bi Verlene akamtazama Shemasi, na Shemasi, ambaye kwa miaka kumi na moja alijua zamu ya kuaibika ni yake, aliona kwamba wenzake nao wanasubiri mtu mwingine aseme.

— Mimi nilimwomba Kilo aniletee, alisema Bi Verlene mwishowe. Yeye ndiye mwenye lori. Mimi barafu ilinifungia saluni siku mbili na wateja wanne, mmoja ana dawa kichwani.

— Lori nililiacha barabara kuu kama wenzangu wote, alisema Kilo. Nikarudi kwa miguu. Nilimpigia Shemasi, nikamwachia ujumbe. Nilijua mtu wa kanisa hakosi.

— Mimi si mtu wa kanisa, alisema Shemasi. Simu yangu ilikuwa imezima, umeme ulikatika. Siku moja kabla nilimwomba Verlene aniletee, nisipofika. Nilijua ataitwa kumtengeneza marehemu nywele.

— Sikuitwa.

Bi Verlene alikishika kikombe chake kwa mikono miwili.

— Kwa hiyo nywele alitengenezwa na nani?

— Na yule dada aliyeimba? Kilo aliuliza taratibu.

— Nilimsikia kwako, alisema Bi Verlene.

— Mimi nilimsikia kwako wewe.

Keondra alikuwa amejikunja pale pembeni kama aliyevunja sahani ya watu. Aliweka mkono juu ya mkono wa Bi Verlene.

— Nisameheni. Sikujua.

— Hujakosea kitu, mwanangu. Wewe umeuliza tu.

Mtoto alinyoosha mkono akamshika Kilo sharubu. Kilo alimwachia mpaka alipochoka mwenyewe. Kisha akasimama, akajipapasa mifukoni, akatoa ufunguo wa gari.

— Kaburi lina jiwe, alisema. Jiwe lina jina.

— Kama lina jiwe, alisema Bi Verlene.

— Kama halina, tutajua na hilo.

— Kanisa lenyewe mnalijua? aliuliza Bi Verlene.

— Mlima Nebo, alisema Shemasi. Njia ya kulia baada ya kiwanda cha kupasulia mbao. Nilimwuliza njia mtu siku ile. Nilikuwa nimeshavaa suti, barafu ikanirudisha.

Bi Verlene alikaza mfuniko wa chupa, na kahawa bado ilikuwemo. Alimpa Keondra kikombe kimoja kilichojaa, akamwambia akirudishe wakati wowote, nyumba yake ni ile yenye mlango wa bluu.

Shemasi aliingia maktaba. Kwenye ukumbi watu walikuwa wanajaribu ngoma za sherehe ya kesho, na Bi Fontaine alikuwa kwenye meza yake amezungukwa na picha, anazipanga kwa mwaka wa kuzaliwa. Alipomwona alinyoosha mkono kuipokea fomu.

— Umepata jina, Mzee Pettway? alimwuliza, kwa jina lake halisi.

— Bado. Nimekuja kukuaga, tunakwenda mazikoni.

— Oh, pole sana. Kafa nani?

— Bi Pichi.

Bi Fontaine aliisoma fomu. Kwenye nafasi ya mwaka wa kufa, Shemasi alikuwa ameandika mwenyewe, kwa herufi safi, mwaka wa miaka kumi na moja iliyopita. Alimtazama mzee yule usoni. Kupitia dirishani Kilo alikuwa anamfungulia Bi Verlene mlango wa gari, na Bi Verlene alikuwa anafunga kitambaa cheusi kichwani. Saa ya ukutani ilisema saa tano na robo.

Bi Fontaine aliitoa picha ya Bi Pichi kwenye rundo, akaiweka peke yake upande wa pili wa meza, akainua simu.

— Endesheni polepole, alisema. Mpiga chapa nitazungumza naye mimi.