Kichupa Kilichopotea na Vidole vya Mwalimu Yona

Bwana apewe sifa! Mwenye mikono apige makofi, maana huyu mnayemwona mbele yenu alikuwa wa kulala mahabusu!

Ndugu zangu, mnanijua. Nilijisomesha kwa kuuza maharage ya Kibakwe, nikafika Lusaka, nikarudi enzi za ruksa na stashahada ya uuguzi. Ilipofunguliwa nyumba ya kutunzia wazee hapa Mpwapwa, nikakabidhiwa kabati la dawa kali. Nani mwingine angefaa?

Sheria ilikuwa moja: kichupa cha pethidini, dawa ya maumivu makali, kikitoka kabatini, wauguzi wawili wawepo, waandike daftarini papo hapo, wote watie sahihi. Mimi nikaiona sheria ya wanagenzi. Dada Merina, muuguzi mwenzangu, akija kushuhudia namrudisha.

"Shahidi wa nini, dada? Mimi nimesoma!"

"Haya, msomi. Siku kabati likikuuliza, ujibu peke yako."

Jumatatu moja tukahesabu: kichupa kimoja hakipo! Daftarini hakuna kitu. Funguo ninazo mimi. Mama msimamizi wetu hana mzaha: "Ikifika saa kumi sina maelezo, naita polisi."

Ndugu zangu, stashahada haikunisaidia! Nilipekua kabati, nikapekua hata mifuko ya suti yangu. Nikapiga magoti stoo, katikati ya mashuka: Bwana, nimekwisha! Moyoni nikasikia: kamuulize mgonjwa. Nami sikuwa na desturi ya kumuuliza mgonjwa kitu!

Aliyetumia pethidini ni mmoja tu, Mwalimu Yona, kipofu aliyewahi kufundisha wasioona kule Buigiri, sasa anaumwa saratani.

"Shikamoo, Mwalimu. Jana nilikuchoma sindano?"

"Marahaba. Ulinichoma baada ya chakula. Unanukia manukato, unaimba pambio, unawahi kwaya. Leo unaikana?"

"Mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza? Ninyi wenye macho mna haraka sana."

Akatoa kadi ngumu chini ya mto. Kila sindano aliiandika humo kwa kutoboa nukta za wasioona, siku na saa, maana mwili ni wake. Nikamwita msimamizi, akafungua daftari, Mwalimu akasoma kwa vidole wiki nzima. Zote zikalingana, isipokuwa ile ya Jumapili, iliyokuwa kwenye kadi tu! Na kichupa kitupu tukakikuta kwenye kopo la sindano zilizotumika.

Nikaruka kwa furaha. Msimamizi akanishika bega: "Merina alikuwa zamu ya jioni Jumapili hiyo. Mwalimu angelalamika maumivu kidogo tu, Merina angefuata daftari lako lisilo na sindano ile, angemchoma tena."

Kumbe Bwana hakuniokoa na pingu tu. Aliniokoa nisimuue mzee wa watu!

Sasa sitoi dawa bila shahidi, na hakuna daftari safi kama letu mkoa mzima. Asante Yesu! Nawe uliyeshika jambo peke yako kwa sababu umesoma, mwamini Yeye leo, kisha mwite mwenzako asimame nawe. Msomi mimi nimetangulia kupiga magoti. Njooni, hapa mbele pana nafasi!