Hodi ya Asubuhi ya Mama Felisita

Wasikilizaji wapendwa, mwadila, habari za jioni. Aliyeanika betri juani azirudishe kwenye redio, maneno yameanza.

Kitendawili! Nawasikia mkiitika huko. Nyumba yangu ina vyumba viwili tu. Mgeni aliyetoka akarudi hana pa kulala. Fikirieni. Jibu liko mbele.

Leo tunamkumbuka Mama Felisita Nyanda, mhudumu wa zahanati katika kijiji kimoja cha ujamaa upande wa Nkoma. Amefariki Jumatatu. Tumemzika Alhamisi. Nilikuwepo, na tangu Alhamisi hiyo mimi bibi yenu sijatulia. Nakaa, nainuka. Naweka chai, naisahau.

Mama Felisita alikuwa mtu wa miguu. Binti yake, Benedikta, ameniambia: "Mama hakumaliza ugali akiwa amekaa. Tonge la mwisho alilila njiani."

Alikuwa anakwenda wapi? Kwa walevi, wasikilizaji. Kwa walevi wa gongo na wa pombe ya mtama waliotaka kuacha.

Miaka saba iliyopita alikuja Ndugu Januarius, mtafiti kutoka Dar es Salaam. Alisomea saikolojia. Mimi niliyeishia darasa la nne naielewa hivi: ni elimu ya kujua moyo wa mtu unavyozunguka. Alitaka kujua mlevi anaachaje, na kwa nini aliyeacha hurudia. Alihitaji mtu wa kuwatembelea. Akapewa Mama Felisita.

Wanaume kumi na tisa walijiandikisha. Kila mmoja alipewa kamba ya uzi wa pamba. Siku ikipita hujanywa, unafunga fundo.

Mmoja wao ni Mihayo, mpiga ngoma wa kikundi cha kulima. Mkewe, Kwandu, alikuwa amekwisha kumwambia: "Ukinywa tena nawachukua watoto, narudi kwa baba. Utabaki kulipigia ngoma jembe." Mihayo akafunga fundo. Akafunga jingine. Akafika mia.

Kijiji kikafurahi. Wakasema mtu huyu afanyiwe sherehe. Mama Felisita naye akakubali. Beberu akachinjwa. Na pombe ya mtama ikapikwa, maana wageni utawaitaje bila pombe?

Hapo ndipo walipokosea wote. Kwetu mnajua, mwenye sherehe huonja kwanza, ili wageni waone kinywaji ni salama. Mama Felisita alikuwa zahanati akimzalisha mtu. Wazee wakampa Mihayo kata ya pombe.

"Onja, bhabha. Unatutilia shaka?"

"Kidogo tu, mdomo ulowane."

Mihayo akaonja. Siku tatu hakuonekana.

Siku ya nne Kwandu alikuwa anafunga mizigo. Mara, alfajiri, mlangoni: "Hodi!" Ni Mama Felisita. Mihayo alikuwa amerudi usiku, amelala chini ya ghala. Akamtupia ile kamba.

"Chukua kamba yako, mayu, mama yangu. Imekwisha."

"Hesabu mafundo."

"Ya nini? Nimekunywa!"

"Hesabu."

Akahesabu. Mia.

"Kata ya pombe imefungua fundo lipi? Nionyeshe."

Mihayo akaitazama kamba. Hakuona lililofunguka. Mama Felisita hakumgombeza. Alimuuliza: ulikuwa wapi? Nani alikupa? Kabla hujapokea, moyo ulisemaje?

"Ulisema wageni watanionaje."

Kwandu akacheka kwa hasira. "Wageni! Sisi je, hatukuoni?" Lakini mzigo akauacha pale pale, haujafungwa vizuri.

Wiki hiyo Ndugu Januarius akaja na fomu. Fomu ina vyumba viwili: *Amekunywa. Hajanywa.* Jibu la kitendawili ndilo hilo, wasikilizaji! Aliyekunywa anafutwa, hatembelewi tena.

Mama Felisita akachukua kalamu, akachora chumba cha tatu kwa mkono. Akaandika: *Amekunywa, amerudi.*

"Mayu, umeharibu karatasi ya Serikali!"

"Karatasi zipo nyingi, Ndugu. Kwandu ana Mihayo mmoja."

Wakabishana mpaka kuku wakaingia bandani. Mwisho mtafiti akasema, "Basi kesho nipeleke huko kwenye hodi yako." Alikwenda, akasikia maswali. Alirudi Dar es Salaam na fomu zenye vyumba vitatu.

Sikilizeni vizuri. Kati ya wale kumi na tisa, kumi na wawili walionja tena. Tisa Mama Felisita aliwapigia hodi kesho yake au mara tu walipopatikana. Saba wakarudi kwenye kamba. Watatu hakuwafikia, mto ulikuwa umejaa. Hakurudi hata mmoja.

Hao watatu ndio waliomsumbua mpaka kufa. Benedikta anasema mvua ikianza tu, mama yake alisimama mlangoni akiutazama upande wa mto. "Nilimwambia mama, kaa. Akasema, nikae vipi na kuna mtu anadhani amekwisha?"

Alhamisi, msibani, Mihayo hakukaa chini. Alizunguka boma, akazunguka tena. Nikamuuliza, una nini, mwanangu? Akasema, "Bibi, leo nina kiu. Na kesho nani atanipigia hodi?"

Nililala kwao, kwa Mihayo na Kwandu, usiku ule, nikiwa na swali hilo tu.

Alfajiri nikasikia mlango wa nyuma. Kwandu anatoka taratibu. Akazunguka nyumba yake mwenyewe. Akasimama mlangoni kwake mwenyewe, kajifunga kanga ya msiba, akaita:

"Hodi!"

Ndani akaitikia Mihayo: "Karibu."

"Umekunywa?"

"Sijanywa. Lakini miguu haitulii."

"Basi lete kamba tufunge. Halafu twende shambani ikatulie huko."

Benedikta, ndugu na jamaa, poleni sana. Mama yenu alitembea, sasa apumzike. Wanakijiji na wote wa zahanati, poleni.

Nasi wengine tufikiri, wasikilizaji wapendwa. Yupo mtu karibu yako aliyeanguka jana. Leo anadhani mafundo yote yamefunguka. Ukichelewa, mto utajaa.

Zimeni redio, mlale mapema. Kuna mlango wa kwenda kubisha asubuhi.