Samaki wa Mti Aliyejifunza Kuyumba

Mliotangulia kufika nimeshawashika mkono, na mliokuja nyuma yangu nawasalimu kutoka hapa niliposimama. Wakubwa zangu, shikamooni. Waislamu wenzangu, amani iwe juu yenu. Ndugu zetu Wakristo, nashukuru kwa maombi mliyotufungulia nayo kikao hiki cha sisi wenye ulemavu.

Mwenyekiti ameniambia niseme maneno machache. Ananijua, kwa hiyo amekaa karibu ili anivute shati nikizidisha.

Mkono wangu wa kuume, kama mnavyoona, unaishia hapa. Nauinua ili wale wanaoutupia jicho la wizi wautazame mpaka waridhike, halafu tuendelee.

Mimi ni mtoto wa Rutamba, wazazi wangu wakulima. Nilipokuwa kijana nikapata kazi katika kiwanda kimoja cha kubangua korosho, kule Lindi mjini. Nilianza na kufagia, nikaishia kuwa msaidizi wa fundi wa mashine. Ndugu zangu, niliipenda ile kazi. Nilikuwa nikiweka kiganja juu ya mashine inayozunguka, najua kama beringi inataka kufa. Fundi wangu alikuwa ananiita mimi kwanza kabla hajafungua bolti.

Siku ile mkanda ulilegea. Mashine ikazimwa, nikaingiza mkono. Lakini zile mashine zilikuwa nzito; ukizizima zinaendelea kuzunguka kwa nguvu zake zenyewe. Mkono wa shati ukanaswa. Yaliyofuata sitayasimulia, kwa sababu humu ndani wengi mnayajua kwa miili yenu.

Hospitalini kulikuwa na muuguzi, mama wa makamo. Siku ya kutoka nikamwomba anifunge vifungo vya shati. Akakataa.

"Mwanangu," akasema, "leo nikikufunga mimi, kesho atakufunga nani? Anza na cha chini, halafu panda."

Nilimchukia. Nilitoka pale shati liko wazi kama mlevi. Lakini kabla sijafika kituo cha basi, kifungo cha chini kilikuwa kimeshafungika.

Kiwandani wakanipa kazi ya getini. Kumbe kiwanda chenyewe nacho kilikuwa mgonjwa. Ndiyo ile miaka biashara ilipofunguliwa, korosho zikawa zinaondoka ghafi ndani ya magunia, kwenda kubanguliwa nchi za watu. Mashine zikanyamaza moja baada ya nyingine, mwisho tukaambiwa twende nyumbani.

Nikarudi Rutamba na mke wangu na watoto. Nikashika jembe kwa mkono wa kushoto, mpini nimeubana kwapani. Kaka yangu alinitazama nikihangaika na tuta moja, akaja akalichukua lile jembe mkononi mwangu taratibu, akaendelea kulima. Hakuwa na ubaya. Alinionea huruma. Nawaambia, ile huruma iliniuma kuliko mashine.

Mke wangu akasema, "Twende kwetu Kilwa. Pwani kuna kazi za kukaa chini."

Tukaenda Kilwa Masoko. Kweli, kazi za kukaa chini zilikuwapo, ila zote zilitaka mikono miwili. Kushona nyavu, mikono miwili. Kupaa samaki, mmoja ashike na mwingine upae. Mimi nikimkwangua ananiponyoka anarudi mchangani. Mwishowe nikapewa fimbo nifukuze kunguru kwenye samaki walioanikwa. Mtu mzima, baba wa watoto, nakaa juani nasema "shii".

Baba mkwe alikuwa ameshafariki, kwa hiyo mwenye kauli pale nyumbani alikuwa mjomba wa mke wangu. Ijumaa moja alikuja baada ya swala, akakaa barazani na mama mkwe. Mimi nilikuwa uani, na ukuta ulikuwa wa makuti, nasikia na kuona kila kitu.

"Binti yetu bado kijana," akasema. "Msimu huu ukiisha na huyu bwana hana kazi, arudi kwao. Binti abaki hapa na watoto."

Mke wangu alikuwa anapepeta mchele. Akaweka ungo chini. "Mjomba, mimi sikuolewa na mkono."

"Sijasema mkono. Nimesema kazi."

Mke wangu akauokota ungo, akaendelea kupepeta. Nami kule uani sikuweza kumlaumu, kwa sababu mzee yule alikuwa anasema kweli tupu.

Sasa, nina shemeji, kaka wa mke wangu. Yeye alikuwa mvuvi wa mshipi kwenye boti la mashine. Miaka ile magari ya barafu yalikuwa yameanza kuja mpaka pwani kununua samaki, na waliowataka zaidi ni wale wakubwa, nguru na jodari. Wavuvi wakawa wanarambaza, yaani boti linakwenda na mshipi unakokotwa nyuma wenye chambo. Shida ikawa chambo chenyewe. Wavuvi wa baruti walikuwa wameharibu miamba, wale vibua wadogo wa kutia kwenye ndoana wakawa adimu. Shemeji anaamka alfajiri kutafuta chambo, jua linapanda bado anatafuta.

Siku moja alirudi amenuna, akaniambia tajiri mmoja wa boti ameleta kisamaki cha plastiki kutoka ng'ambo, cha kuvulia bila chambo. Haazimi mtu.

"Kinatembea kama kina roho, shemeji."

Nikamuuliza, "Kinatembeaje?"

Akachezesha kiganja hivi, akacheka. "Kinatembea tu."

Ndugu zangu, sijui niwaelezeje. Tangu kiwanda kifungwe nilikuwa sijauliza swali la kazi. Niliingia ndani nikiwa na jambo la kufikiri, na fimbo ya kunguru nikaisahau nje.

Nikaokota mbao za kasha lililokuja na bidhaa dukani, mbao nyepesi, laini. Nikazibana kwa nyayo zangu na kuchonga kwa mkono wa kushoto. Nilijikata sana. Samaki wa kwanza alikuwa kama kiatu. Wa pili afadhali. Nikaendelea mpaka nikapata mmoja mzuri hasa, nikamtia macho, nikampaka mgongo rangi ya buluu na tumbo nikalivika karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Hata mama mkwe alisema ukimweka sokoni atanunuliwa.

Shemeji akaenda naye baharini. Alipomtupa, yule samaki akalala ubavu. Boti lilipoongeza mwendo akaanza kujiviringisha kama mpira, mshipi ukajisokota wote. Shemeji akamrudisha, akaniambia kwa adabu, "Shemeji, samaki wako anakufa kabla hajaliwa."

Nikatengeneza mwingine, mnene zaidi. Huyo akazama kama jiwe. Mwingine alikwenda moja kwa moja, amenyooka kama msumari, na hakuna samaki aliyemgeukia. Wa mwisho akajiviringisha tena, akafunga mishipi yote ya boti kuwa fundo moja, wakakatisha kazi wakarudi mikono mitupu. Wenzake shemeji hawakunitukana. Waliniambia tu nisiwape tena vitu vyangu. Na msimu ulikuwa unaelekea ukingoni.

Nikamwambia mke wangu afunge mzigo wangu, niondoke mwenyewe kwa heshima kabla ya kuambiwa. Alifunga huku analia, na hakunibishia. Hapo ndipo nilipojua kwamba hata yeye amechoka.

Asubuhi yake nikawa nasubiri gari la kunipeleka Lindi. Gari lilichelewa. Nikashuka pwani kupoteza muda. Maji yalikuwa ya bamvua, yamekupwa mbali sana, na kwenye mwamba kumebaki kidimbwi kikubwa cha maji safi. Ndani yake walinaswa vibua wadogo, kundi zima, pamoja na kolekole mmoja, samaki mla wenzake, mwenye njaa.

Nikachuchumaa. Kolekole alikuwa anazunguka na wale vibua wanazunguka naye. Anapita katikati yao, wanafunguka, hagusi mtu. Nikashangaa, mbona hali? Mara akaja korongo, akadonoa, akakosa, lakini kibua mmoja akajeruhiwa. Yule kibua akawa hawezi kwenda sawa. Anapiga mkia, mwili unamwelemea upande, tumbo linang'aa. Anajirudisha, anaelemea upande wa pili, linang'aa tena. Kumulika na kuzima, kumulika na kuzima. Kolekole aligeuka palepale. Aliwapita wazima wote, wengine karibu wamguse pua, akaenda kummeza yule.

Nilikaa pale mpaka bahari ikarudi ikanifika kiunoni. Gari lilipita, nikalisikia likipiga honi juu kule, sikuondoka. Nilikuwa nimechonga sura ya samaki muda wote ule, na rangi, na macho. Kumbe mlaji hatazami sura. Anatazama mwendo, tena mwendo wa mwenye shida. Samaki wangu alitakiwa ayumbe bila kupinduka. Na hilo, ndugu zangu, ni jambo la mashine. Lina uzito wake, lina mahali pa kuvutia, lina kitu cha kusukumwa na maji. Nililijua tangu kiwandani, kabla sijajua kwamba nalijua.

Nikarudi nimelowa. Nikamwambia mke wangu, "Fungua mzigo. Na nipe lile sufuria bovu."

Kwenye lile sufuria nikakata kipande, nikakipachika chini ya kidevu cha samaki kama mdomo ulioinama, ili maji yakikipiga yamtikise kichwa. Tumboni nikamtoboa nikamtia risasi, ile ya kuzamishia nyavu, asipinduke. Lakini kujua kama anatikisika inavyotakiwa, lazima mmoja avute na mwingine atazame chini ya maji. Basi nikaazima miwani ya kuzamia, nikalala kwenye maji ya magoti, mimi niliyekuwa naogopa bahari, na mke wangu akajifunga kibwebwe akawa anakimbia na kamba, anamkokota samaki mbele ya uso wangu.

Wanawake wanaochokoa pweza walisimama kutazama. "Bibi wee, unamtembeza samaki?"

"Namtembeza," akajibu huku anahema. "Wenu si mmewaacha walale?"

Tukafanya hivyo kila maji yalipokupwa. Nikiupanua mdomo wa bati, anatetemeka kama ana homa. Nikiupunguza, anakuwa maiti. Nikisogeza kitanzi cha kamba juu ya pua anapanda, nikikishusha anapiga mbizi. Kuna siku mke wangu alikaa chini kwenye maji akasema miguu haina nguvu tena, na mimi nikamwambia bado mara moja. Akanitazama vibaya, akainuka. Na mara hiyo nikaona. Ubavu wa kulia, ukamulika. Ubavu wa kushoto, ukamulika. Hakupinduka. Nilitoa kichwa majini nikaivua miwani. Yeye akauliza, "Tayari?" Nikaitikia kwa kichwa.

Kazi ikabaki kumshawishi shemeji. Alimgeuza yule samaki mkononi, akaona mbaya, hana hata rangi. "Wenzangu watanitosa," akasema. Lakini alimtia mfukoni.

Walirudi adhuhuri. Mimi sikushuka pwani, niliogopa. Nikasikia hatua uani, shemeji akaingia amebeba nguru begani, mkia unagusa shavu la mguu wake, na nyuma yake mwenzake amebeba mwingine. Shemeji akanirudishia samaki wangu wa mti. Alikuwa ametafunwa ubavu mzima, alama za meno zimeingia mpaka kwenye risasi.

"Huyu amekwisha," akasema. "Tunataka wengine kabla ya kesho."

Mama mkwe akaja akauchukua mkono wangu, huu huu mfupi, akauweka kwenye shavu lake.

Na mjomba? Mjomba alikaa Ijumaa kadhaa bila kuja. Alipokuja alizungumzia mvua, akazungumzia bei ya sukari, akanywa chai akamaliza. Alipoaga akaniambia huku anavaa makubazi, "Mwanangu, mimi nina kaboti kangu kadogo. Na mimi nitengenezee." Alikuwa hajawahi kuniita mwanangu. Nilimtengenezea siku ile ile, kabla ya wote waliokuwa wakisubiri.

Tangu hapo nimejifunza kwamba kila kiumbe kina shida yake majini. Kibua huyumba. Panzi wa baharini hupiga uso wa maji, akatua, akapiga tena. Ngisi hurudi nyuma kwa kushtuka, halafu anasita, na ndipo anapoliwa. Nina vijana wanaochonga nami sasa, na wenye boti wanakuja kwangu Masoko kutoka Kivinje, na hata kutoka Lindi mjini.

Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyelichelewesha lile gari. Namshukuru yule muuguzi, kila asubuhi ninapovaa. Namshukuru shemeji, aliyekubali kuchekwa kwa ajili yangu. Mama watoto ameketi pale kwenye mkeka, sitamtaja, ananikataza. Lakini nyote mmeshamjua.

Somo langu ni dogo. Wewe uliyepungukiwa, watakuja watu na mapenzi yao wakuketishe kivulini. Washukuru, halafu tafuta jambo moja la kazi usilolijua, uliulize, ulifuate mpaka likujibu. Na umtafute mtu wa kushika kamba, kwa maana hata mwenye mikono miwili hawezi kuvuta na kutazama chini ya maji kwa wakati mmoja.

Naona mwenyekiti ananyoosha mkono kunivuta shati, namaliza. Nimeacha nyumbani ngisi mmoja niliyemtengeneza kwa kitambaa cha mwavuli. Nataka ashtuke kurudi nyuma, yeye anakwenda mbele kama mwenye haraka. Sijajua bado tatizo liko wapi. Maji yatakupwa alasiri hii, na nitaingia kumtazama.

Ahsanteni kwa kunisikiliza.