"Nani Atakunyang'anya Funguo?": Bi. Phanice Bhoke Anakabidhi Meza ya Homa Bay

Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, Bi. Phanice Bhoke anastaafu kutoka kampuni yetu ya kukodisha magari baada ya miaka ishirini na mitatu ya utumishi. Kumi na minne kati ya hiyo ameitumia akiwa msimamizi wa ofisi ya Homa Bay. Wafanyakazi wapya hudhani ofisi hiyo imekuwepo siku zote na itakuwepo tu. Ukweli ni kwamba ilikaribia kufungwa, na haikufungwa kwa sababu mwanamke huyu alikataa.

Alianza Migori akipokea simu, siku ambazo tulikuwa na magari manne na moja halikuwaka bila kusukumwa. Alijifunza kazi kwa kuuliza. Mafundi waliulizwa, watu wa bima waliulizwa, na asiyekuwa na jibu alifuatwa tena kesho yake. Alipopelekwa Homa Bay kufungua tawi, tayari alikuwa na desturi yake: hakabidhi gari kabla ya kulizunguka pamoja na mteja. Tena si kwa macho tu. Mteja hupitisha kiganja mlangoni, kwenye bampa na chini ya taa, huku akitaja kwa sauti kila mkwaruzo anaoukuta. Wakubwa wengi wenye suti wamechuchumaa kwenye kokoto za uwanja wetu. Aliyesita aliambiwa, "Inama, mheshimiwa. Gari haliwezi kukuinamia wewe."

Kisha wakaja wateja wenye kadi za mkopo. Hapa inafaa kueleza kidogo, maana hata baadhi yetu bado tunachanganya. Kadi ya mkopo si ile ya kutolea pesa zako mwenyewe benki. Hii unatumia pesa za benki kwanza, ukailipa baadaye. Baadhi ya kadi hizo humpa mwenyewe manufaa akiwa safarini, na mojawapo ni bima ya gari la kukodi: likigongwa, benki humrudishia gharama za matengenezo. Lakini yapo masharti. Kodi yote ilipwe kwa kadi hiyo hiyo, si nusu kwa kadi na nusu kutoka kwenye simu ya shemeji. Na kila anayelishika gari awe ametajwa kwenye mkataba. Watu wengi husikia neno "bima" na kuacha kusikiliza papo hapo.

Bi. Phanice alihakikisha wanasikiliza. Mteja wetu mmoja, Bi. Trizah, aliegesha gari Mbita akavuka kwa boti kwenda mapumzikoni Takawiri. Aliporudi alikuta mbuzi amesimama juu ya paa, na paa limebonyea. Benki yake ilitaka taarifa ya polisi. Askari aliyekuwa zamu aliweka kalamu chini akauliza, "Na mshukiwa yuko wapi?" Bi. Phanice, aliyekuwa amemsindikiza mteja, alijibu kwamba mshukiwa anakula majani nje ya kituo na hana mpango wa kutoroka. Taarifa iliandikwa na benki ikalipa, kwa sababu masharti yote yalikuwa yametimizwa.

Mwaka 2018 mambo hayakwenda hivyo. Mwezi Agosti, Bw. Byron, muuguzi anayefanya kazi Doha, alikuja Sindo kumzika baba yake. Alilipa kwa kadi yenye bima, akaeleweshwa masharti, akalizunguka gari kwa kiganja kama ipasavyo. Jambo moja tu halikuulizwa: nyumbani kuna nini?

Kila mmoja wetu anajua kinachotokea gari linapoingia kwenye boma lenye msiba. Linakuwa la ukoo. Litaleta maji, litaleta viti, litampokea shangazi stendi, na mwenye kulikodi hawezi kusema hapana huku amezungukwa na wafiwa. Binamu yake Byron, Austine, aliombwa akalete hema. Alichukua funguo kwenye meza ya chai, na jioni hiyo gari likaingia mtaroni. Mungu alisaidia, hakuna aliyeumia. Ila jina la Austine halikuwa kwenye mkataba.

Bi. Phanice alikwenda Sindo mwenyewe. Wazee wa boma walimpa kiti na chai, kisha wakamwomba. "Mama, sema tu Byron ndiye alikuwa anaendesha. Huyu ni mtu wa msiba." Aliwajibu bila kupandisha sauti, "Baba zangu, gari litanyooshwa. Lakini Byron akiidanganya benki, ataendelea kuulizwa akiwa Doha, na nyinyi hamtakuwepo kumjibia." Hakuandika uongo. Akala chakula cha msiba, kwa kuwa hangeondoka hapo bila kula, akarudi Homa Bay nyuma ya lori lililolivuta gari.

Benki ilikataa kulipa. Byron alilipa alichoweza, na sehemu kubwa ya hasara ikatuangukia sisi. Haikuwa mara ya kwanza mwaka huo. Mkurugenzi wetu, Bw. Walter, akapiga simu. "Mama Phanice, Homa Bay inanimaliza. Tufunge, magari yarudi Migori." Wafanyakazi watatu wangebaki bila kazi, yeye akiwa mmoja wao.

Hakulia wala hakumlaumu Byron. Alisema kosa ni la meza yake, kwa kuwa alikuwa amefundisha masharti ya kadi bila kuuliza desturi za nyumbani. Aliomba ofisi iachwe hadi Krismasi ipite, msimu ambao kila mtu anarudi kwao na magari hugombaniwa kuliko wakati wowote. Mkurugenzi alidhani anaomba muda wa kufungasha. Alikuwa anaomba kujaribiwa mahali pagumu zaidi.

Desemba hiyo kila mteja aliulizwa maswali mawili mapya. La kwanza, "Nyumbani kuna nini?" La pili, "Nani atakunyang'anya funguo?" Aliyetajwa alitakiwa kuja ofisini na leseni yake, aandikwe na alizunguke gari kwa kiganja chake mwenyewe. Hakuna funguo zilizotoka kabla ya hapo.

Wateja walinung'unika, na wawili wakaenda kwingine. Bw. Chrispine, aliyefika kutoka Nairobi na familia nzima, aligonga meza. "Mama, mimi nimelipa! Watoto wanachomeka kwa jua!"

"Funguo utapata, baba. Nani atakunyang'anya?"

"Hakuna mtu!"

"Ni mimi," akasema kaka yake aliyekuwa nyuma yake na miwani ya jua. "Kila mwaka ni mimi." Ofisi nzima ikacheka, hata Chrispine. Leseni ya kaka ilikuwa imebaki Mbita, na Bi. Phanice aliwaandalia watoto soda na benchi la kivulini hadi bodaboda ilipoileta. Hakulegeza.

Mwaka Mpya ulipoingia, magari yote yalikuwa yamerudi. Mengine yalikuwa na mikwaruzo, lakini kila mkwaruzo ulikuwa na dereva wake kwenye mkataba, na bima zikalipa bila mabishano. Wale wateja wawili nao walirudi Pasaka, kila mmoja na ndugu zake na leseni zao. Bw. Walter alikuja Homa Bay mwenyewe, akaliona benchi la kivulini limejaa, akaondoka bila kutaja kufunga. Wiki iliyofuata alituagiza sisi wa Migori tuanze kuuliza maswali yale yale.

Jumatano hii Bi. Phanice alikodi gari letu moja ili apeleke vyombo vyake nyumbani, upande wa Isebania. Bi. Irine, anayerithi meza yake, alimzungusha gari taratibu hadi kwenye bampa la nyuma, kisha akauliza, "Nyumbani kuna nini?"

"Kupumzika."

"Na nani atakunyang'anya funguo?"

"Hakuna."

Mume wake, Mzee Gisiri, alikohoa pale kwenye benchi. Irine akamnyooshea mkono. "Leseni, Mzee." Mzee akapapasa mfuko mmoja, akapapasa wa pili, akakumbuka koti lingine. Alimtazama mkewe amtetee. Mkewe alikuwa ameshaketi kwenye usukani, anafunga mkanda. Mzee alisafiri hadi Isebania akiwa abiria.

Mama Phanice, ofisi uliyokataa ifungwe iko wazi, na meza yako iko kwenye mikono isiyolegea. Kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Migori na Homa Bay, tunakushukuru. Pumzika salama kwenu, ule vizuri, ulale vizuri, na atakayekuomba funguo, hata akiwa wa nyumbani, umwombe kwanza leseni.

Jeremiah Ondieki
Msimamizi wa Magari, Migori