Sebule ya Mama Adeke

Mheshimiwa Diwani, Baba Padri, wazee wetu, ndugu wageni waalikwa, na wewe Mama uliyeketi hapo mbele: hamjambo nyote. Mimi ni Okiria, kifungua mimba wa Mama Adeke. Sebule mnayoiona kwenye mchoro huu ni ya nyumba yetu, au niseme ilikuwa yetu, kabla haijabomolewa ili malori ya hapa Malaba yapate mahali pa kuegeshwa.

Tulipopewa notisi, tulimwita mchoraji Emuron atuwekee sebule ile kwenye kitambaa, maana kuta zilikuwa zinakwenda. Akamwambia Mama, "Usiguse kitu. Mimi nataka nyumba vile iko." Lakini nani kati yetu, Mteso au Mluhya, amewahi kumkaribisha mgeni kwenye nyumba vile iko? Mama alifagia, akapiga deki, akavivika viti vitambaa vyeupe vya kufuma. Kuku aliyekuwa akiatamia chini ya meza alifukuzwa. Cherehani ikaenda jikoni. Na mirija mirefu ya marehemu Baba ya kunywea ajono, pombe yetu ya wimbi, iliyokuwa imening'inia ukutani tangu tumzike, ikapelekwa kwa jirani, eti Padri akiiona atasema nini! Baba Padri, usicheke, ni wewe uliyeogopwa.

Emuron alisihi mpaka akachoka, kisha akachora alichokiona, na amekichora vizuri sana. Asilaumiwe na mtu.

Juzi mchoro ulipofunuliwa mbele yetu sisi wa nyumbani, Mama aliutazama kwa muda mrefu, halafu akauliza, "Hii ni nyumba ya nani?" Ndugu zangu, niliumia. Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Safari hii mgeni alikuja, mwenyeji akajifuta mwenyewe kwa tambara. Je, utamgombeza mama yako kwa sababu ana heshima?

Emuron ni muungwana. Jana alirudi na kitambaa kipya, akatuomba tumwelekeze ili aanze upya. Mirija ilikuwa upande gani? Mama akasema karibu na dirisha. Mimi nikasema ni juu ya kiti cha Baba. Dada yangu Aguti akaapa ni mlangoni. Tukabishana bila mwisho, kwa sababu ukuta wa kutuamulia haupo tena.

Nawashukuru kwa kufika, na kwa kunivumilia mkinisikiliza. Mungu awabariki.